Viatu vya Pasaka vya Andronikos

Taya la Stamatia lilivunjwa Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 1998, uani kwa Vardis, hatua tatu kutoka kwa kondoo aliyekuwa akizungushwa juu ya makaa. Ngumi ilikuwa moja. Nilikuwepo, niliusikia mfupa, na hadi leo mtu akivunja lozi kwa jiwe karibu yangu naondoka. Stamatia alianguka chali, kisanduku alichobeba kikafunguka, na kiatu kimoja kidogo kikatua majivuni. Wanaume kumi na watano walikuwa wamekaa pale na glasi za raki mkononi, na hakuna aliyeinuka. Aliyepiga na aliyepigwa walikuwa masindekno, maana Stamatia ndiye aliyembatiza mtoto wa Vardis, na huku kwetu Krete mambo ya watu waliounganishwa na ubatizo hayaingiliwi na mtu wa tatu.

Mimi sikujua la kufanya, nikamrushia Vardis sahani ya viazi. Ilimkosa.

Naitwa Marigo, nesi mstaafu. Nimefanya kazi na Stamatia miaka ishirini na minne katika wodi ya watoto njiti ya hospitali moja mjini. Alikuwa binti wa mchinjaji kutoka kijiji cha Kamaraki, mfupi, mpana, mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani vimeumbwa kwa kushika shoka, kumbe viliweza kuingiza sindano kwenye mshipa mwembamba kama uzi. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliwahi kuchumbiwa, mchumba akamtaka aache kazi ya zamu, akamwacha mchumba. Usimwonee huruma, mwanamume mwenyewe alikuwa mzembe.

Watu hudhani wodi ya watoto njiti ni mahali pa upole, pa kunong'ona na kufunika vitu kwa blanketi laini. Ni mahali pa ukatili. Unamchukua kiumbe anayetosha kiganjani, unamsukumia mpira wa hewa kooni, na mashine inampuliza mapafu mara hamsini kwa dakika. Bila mashine anakufa. Ukimwacha nayo wiki baada ya wiki, upepo uleule unaomweka hai unamkwaruza mapafu mpaka yanakuwa magumu, na yakishakuwa magumu haachishiki mashine, na asipoachishwa inazidi kumuumiza. Hapo ndipo dawa ya steroidi inapoingia. Inashusha uvimbe, mtoto anapata siku chache za kupumua kwa nguvu zake, na sisi tunautoa mpira upesi kabla nafasi haijapita.

Andronikos, mtoto wa Vardis, alizaliwa Novemba 1995, zaidi ya miezi mitatu kabla ya wakati wake, gramu mia saba na tisini. Alikaa kwenye mashine wiki sita. Vardis, mfuga kondoo mwenye kifua kipana kama mlango wa zizi, alikuja kila siku akasimama nyuma ya kioo, kofia mkononi, akinuka jibini. Madaktari wetu walikuwa wamerudi kutoka mikutanoni na habari za dawa hiyo, na siku hizo tuliitoa kwa mkono mkubwa, dozi mara kadhaa ya ile ya leo, na kwa wiki nyingi. Hakuna aliyetudanganya. Tuliona kwa macho yetu watoto wakitoka kwenye mashine. Stamatia ndiye aliyempiga Andronikos sindano ya kwanza, na siku ya tatu mtoto alikuwa anapumua mwenyewe.

Vardis alishuka uani mwa hospitali, akachomoa bastola akapiga tatu hewani, kama mtu yeyote wa milimani angefanya kwa furaha hiyo. Risasi moja ilipasua chungu cha maua cha ghorofa ya pili. Polisi wakaja, akawanywesha raki. Kisha akapanda ngazi, akamkumbatia Stamatia mbele ya kila mtu, akamwambia mtoto ni wake, ambatize yeye, ampe jina atakalo. Stamatia akampa jina la marehemu baba yake mwenyewe, yule mchinjaji.

Mama wa ubatizo huleta mshumaa na viatu kila Pasaka. Pasaka ya 1997 alipeleka viatu vya ngozi nyeupe vyenye kifungo ubavuni. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu na hakuwa ameanza kukaa. Tulijiambia kwamba njiti huchelewa. Pasaka iliyofuata Vardis alikuwa ametoka Athene, ambako daktari mmoja alimwambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mtoto ana mtindio wa ubongo na hatatembea, na kwamba dawa ile, kwa wingi ule, sasa inashukiwa. Alimsubiri Stamatia aweke mshumaa mezani. Kisha akatoa mfukoni kiatu cheupe cha mwaka uliopita, akakipindua, akakishikilia mbele ya pua yake.

“Tazama soli, sindeknisa,” alisema. “Unaona hata vumbi?”

Ndipo ngumi ikaja.

Taya lilifungwa kwa waya wiki sita, akawa anakunywa supu kwa mrija. Polisi alikuja wodini na daftari, na Stamatia akamwandikia kwamba amejikwaa kwenye ngazi. Nilimfokea. Nilimwambia Vardis ni mnyama na mnyama hufungwa. Akaivuta ile karatasi akaandika chini yake: “Sindano nilipiga mimi.” Nikalia, tena kwa hasira, kwa sababu sindano ya pili niliipiga mimi Marigo, na nusu ya ngumi ile ilikuwa yangu. Vardis halijui hilo. Akilisoma hapa, nyumba yangu anaijua.

Taya liliunga upande. Tangu hapo akicheka mdomo unavutwa kushoto, naye akapunguza kucheka. Kazini aligeuka moto. Mwaka 1999 daktari mmoja aliyejiona sana aliandika dozi ileile ya zamani. Stamatia akakataa kuivuta kwenye sindano. Daktari akamwambia binti wa mchinjaji arudi kwenye nyama. Sinia la chuma likampata daktari begani, vyombo vikatawanyika mpaka chini ya inkubeta, na Stamatia akasimamishwa kazi mwezi mzima. Akarudi vilevile. Miaka ikaenda, dozi zikapunguzwa, siku zikapunguzwa, dawa ikabaki kwa wale tu ambao bila hiyo hawatoki kwenye mashine. Alijua kwamba nyingi inalemaza, alijua kwamba wengine wasipopewa kabisa wanakufa, na alijua kwamba hata hiyo kidogo haina mtu wa kuidhamini. Alikuwa akinitajia mambo hayo matatu huku anaosha mikono, kama mtu anayehesabu vifungo vya koti.

Na kila Pasaka alipanda Kamaraki na kisanduku cha viatu, saizi ikiongezeka, akakiacha langoni kwa Vardis, akaondoka bila kugonga.

Februari 2016 Manusos, mtoto mkubwa wa Vardis, alimleta mkewe Argini akiwa na uchungu wa mapema. Alijifungua mvulana wa gramu mia saba na kumi. Alikuwa hajabatizwa, kwa hiyo hakuwa na jina. Kwenye kadi tuliandika Mtoto wa Manusos. Hadi mwisho wa Machi tulikuwa tumejaribu kumtoa mpira mara tatu, na mara tatu aligeuka bluu mikononi mwetu tukamrudishia. Daktari Hariklia, mkuu wa wodi, akawaita wazazi asubuhi moja pale kwenye korido. Hakuwaficha kitu. Mapafu yanaharibika, alisema. Ipo dawa ya steroidi, dozi ndogo, siku kumi. Inaweza kumtoa kwenye mashine na inaweza kumdhuru ubongo. Kumwacha kwenye mashine nako kunamdhuru. Alijua habari za Andronikos, akazitaja mwenyewe kabla hawajauliza. Argini alitikisa kichwa kukubali. Manusos akachukua kalamu.

Vardis alikuwa nyuma yao. Hakuwa amekanyaga kwetu miaka ishirini. Alisikia jina la dawa, akachungulia kwenye kioo cha mlango, akamwona Stamatia kando ya inkubeta ya mjukuu wake, taya limepinda, sindano mkononi. Ilikuwa sindano ya maziwa, alikuwa anamlisha mtoto kwa mpira wa puani. Vardis hakungoja kuelezwa.

Alinyakua chuma cha kutundikia dripu akakipiga kwenye mlango. Kioo kilishuka chote. Lambis, bawabu wetu, mtu mpole anayefuga njiwa, akaja mbio akapokea chuma hicho usoni, na pua yake ikalala shavuni. Manusos akamkaba baba yake shingo kwa nyuma. Wakaanguka wote wawili juu ya vioo, baba akampiga mwana kiwiko cha jicho, mwana akambamiza baba kichwa sakafuni, na damu ikaanza kuchora miviringo kwenye vigae nilivyovipiga deki mwenyewe. Argini alivua kiatu akawa anamtwanga mkwewe kisogoni, na adabu ikiwa bado imemshika, akimwita baba kwa kila pigo. Mwache, baba. Umechoka, baba. Toka, baba.

Katikati ya hayo kengele ya mashine ikalia. Pafu la kulia la mtoto lilikuwa limepasuka kwa presha, hewa ikajaa kifuani na kuubana moyo. Mapigo yalishuka mia, themanini, hamsini. Hariklia aliruka vioo akaingia. Stamatia alikwishamgeuza mtoto ubavu, amembana kwa vidole viwili asifurukute, nami nikatoa sindano kwenye karatasi yake. Hariklia akamchoma mtoto katikati ya mbavu. Hewa ikatoka kwa mluzi mdogo, mapigo yakaanza kupanda.

Vardis aliyaona hayo kupitia tundu la mlango, akiwa amepiga magoti, uso wote damu. Aliona wanawake watatu wamemkandamiza mjukuu wake na sindano imesimama kifuani. Akadhani tunamuua. Akajitupa mbele, akamponyoka Manusos, akaingia na bastola mkononi, na mdomo wa bastola ukamtazama Stamatia.

“Ondoa mikono yako,” alisema.

“Nikiondoa anakufa,” Stamatia akajibu. Hakugeuza hata kichwa.

Mimi, nakiri, nilikuwa nimekimbilia nyuma ya jokofu la maziwa.

Andronikos walikuwa wamemwacha chini kwenye pikapu. Alikuwa na miaka ishirini. Miguu yake imejikunja, maneno humtoka polepole, lakini mikono ni mizima na minene kwa kusukuma magurudumu. Alisikia kelele kupitia madirishani, akajishusha kwenye kiti chake cha magurudumu, akapanda na lifti. Alikuja kwenye korido kasi, vioo vikisagika chini ya magurudumu, akapita mlango uliovunjika, akamgonga baba yake nyuma ya magoti kwa nguvu zake zote. Vardis akaanguka magotini. Sasa wakawa wanatazamana sawasawa.

“Baba, shusha hiyo.”

“Wewe hujui walichokufanyia.”

“Sijui? Anayekaa humu ni nani?” Andronikos alipiga gurudumu kwa kiganja. “Niambie kitu kimoja, mzee. Ungetaka nife?”

Vardis alipangusa damu machoni kwa mkono wa koti, bastola bado ameishika.

“Nakuuliza. Siku ile wangekupa uchague, niwe hivi au unizike, ungechagua nini?”

Bastola ikashuka, ikalala sakafuni. Vardis akalia kwa sauti kubwa, mikono imeshika magurudumu ya mwanawe, na Andronikos akamwacha alie bila kumgusa. Alimtazama Stamatia.

“Nona,” alimwambia, kama wanavyoitwa mama wa ubatizo. “Mimi sijakusamehe. Usidhani viatu vimenisahaulisha. Lakini dawa utampa wewe, kwa mkono huohuo, na safari hii upime vizuri.”

“Nitapima mara tatu,” Stamatia alisema.

Manusos akasaini. Karatasi hiyo ina alama ya kidole chake kwa damu, nimeiona kwenye faili. Polisi walimweka Vardis ndani siku mbili, na wangemweka zaidi kama Lambis, na ile pamba yake puani, hangekubali yaishe baada ya kuletewa kondoo wawili na kuombwa radhi mbele ya mkewe. Bastola ilichukuliwa. Kwetu hiyo ni sawa na kumchukulia mtu leso. Anayo nyingine nyumbani.

Tulipiga hesabu ya dozi Stamatia na mimi, kila mmoja kwenye karatasi yake, mara tatu, tukalinganisha. Kilichotoka kilikuwa tone la aibu, ungelipangusa kwa ncha ya ulimi. Aliposhika sindano aliitukana tusi ambalo sitaliandika. Akampa.

Siku ya pili presha ya damu ya mtoto ilipanda, tukakosa raha. Siku ya tatu mashine ilianza kupunguziwa oksijeni. Siku ya tano ilikuwa nusu ya ile ya mwanzo, na siku ya sita, saa nne asubuhi, Hariklia akasema tutoe. Tukatoa. Mtoto alivuta pumzi mbili akaacha. Akageuka kijivu, kisha bluu. Hariklia akanyoosha mkono kuchukua mpira mpya, na Stamatia akamzuia kwa bega, akakunja kidole chake kile kinene, akampiga mtoto kwenye wayo. Hakuna kitu. Akampiga tena, kwa nguvu, mpaka wayo ukawa mwekundu. Mtoto akakunja uso akavuta hewa, na kilio kikatoka, kibovu, kikavu, kama bawaba inayodai mafuta. Nimewahi kusikia kwaya za makanisa makubwa. Hakuna iliyonifurahisha hivyo.

Kupitia dirishani nilimwona Vardis uani na ndugu zake wawili. Habari zilikuwa zimekwishamfikia, mkono wake ulikuwa ndani ya koti, tayari kupiga hewani kama mwaka ule. Nikamwambia Stamatia. Alishuka ngazi na aproni yake, nikamfuata.

“Usipige,” alimwambia. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia uso kwa uso baada ya miaka kumi na minane.

“Anapumua, sindeknisa.”

“Andronikos naye alipumua. Miguu kwanza.”

Vardis alitoa mkono kwenye koti, mtupu, akaukunja.

Tukangoja. Stamatia alistaafu mwaka uliofuata akahamia nyumba ya baba yake, upande wa juu wa Kamaraki. Habari zilimfikia kwa simu za Argini kutoka mjini, naye alizipokea akiwa amesimama. Mtoto amekaa akiwa na miezi kumi. Ametambaa. Amebatizwa, ni Vardis mdogo. Amefika mwaka na nusu hajasimama, na miezi hiyo Stamatia hakula vizuri. Nilimkuta mara mbili amekaa jikoni na sahani imepoa. Halafu Argini akaacha kupiga simu kabisa, na ukimya huo ulimtesa kuliko ngumi.

Jumatatu ya Pasaka ya 2018 tulikuwa mlangoni kwake tunamenya mayai mekundu, pikapu ikasimama nje ya ua. Akashuka Vardis, amezeeka. Andronikos alibaki kiti cha mbele, dirisha wazi. Manusos akamshusha mtoto, akamsimamisha chini kwenye mavumbi, hatua ishirini kutoka tulipo, akamwachia.

Mtoto akaja. Alitanua miguu kama mlevi, akayumba, akajishika hewani, akaja. Miguuni alikuwa na viatu vya ngozi nyeupe vyenye kifungo ubavuni, vile vya 1997. Baadaye Andronikos aliniambia kwamba mama yake alivihifadhi vyote kwenye rafu, jozi ishirini na moja, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema mtoto avivae mpaka vife. Stamatia alipiga magoti, akashika kifundo cha mtoto, akakiinua kiatu akatazama chini. Soli ilikuwa imechubuka kwenye vidole, kisigino kimelika upande mmoja, na mavi ya mbuzi yamenata katikati. Akaipitishia kidole gumba.

Vardis alikuja akasimama juu yake. Akachomoa bastola, akaigeuza, akamnyooshea mpini.

“Piga wewe, sindeknisa. Ni haki yako.”

Stamatia aliinuka. Aliipima bastola mkononi, akaishika vizuri, akamtandika nayo tayani.

Niliusikia mfupa. Vardis akaenda chini, akatema meno mawili na damu nyingi. Mtoto alishtuka akaketi kitako. Manusos alipiga hatua moja mbele, ngumi zimekunjwa, na sauti ya Andronikos ikatoka dirishani.

“Mwache. Hayo ni ya masindekno.”

“Hiyo ni ya taya langu,” Stamatia alimwambia Vardis. “Miguu ya Andronikos iko juu yangu mpaka nizikwe.”

Vardis alitikisa kichwa kwamba amesikia. Mtoto alikuwa anamtazama babu yake, mdomo unatetemeka, hajaamua kulia. Kisha akaweka viganja chini, akainua makalio, akasimama mwenyewe, akaenda kumshika babu sikio. Sote tulitazama miguu, hakuna aliyetazama kingine, hata mwenye damu mdomoni.

Stamatia akatumbukiza bastola kwenye mfuko wa aproni, akaingia ndani kupika kahawa. Alirudi na sinia la vikombe vitano, na katika kikombe cha Vardis alikuwa ametia mrija.